Sajenti Asiyekamata Watoto

Chumba cha Mwalimu wa Nidhamu,
Mlango wa pili baada ya vyoo,
Shule ya Msingi.

Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi,
Ng'ambo ya barabara.

KUHUSU: SAJENTI WAKO KUNIHARIBIA WAHALIFU

Ndugu Mkuu wa Kituo,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi mimi, naipokea yako kabla hujaitoa. Natumaini wewe, familia yako na mahabusu wote hamjambo. Mimi sijambo kimwili. Kinidhamu hali ni mbaya, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mimi ni mwalimu wa nidhamu wa shule inayotazamana na kituo chako, ile yenye geti la kijani na kelele. Sauti yangu unaifahamu, maana simu zangu nyingi umezipokea wewe mwenyewe, hasa ile ya siku ulipokuwa ukila. Tangu fimbo ilipopigwa marufuku, nilibakiwa na macho na mdomo. Macho yamechoka, na mdomo haukuwahi kutosha. Ndipo siku moja mkatuletea ofisa mmoja kwenye kikao cha walimu, akatuambia kwamba polisi ni rafiki wa shule na tusisite kupiga simu. Wenzangu walimpigia makofi wakaenda kunywa chai. Mimi niliandika namba. Nikamuuliza Mwalimu Mkuu kama naweza kuitumia. Yeye huwaogopa wazazi kama paka anavyoogopa maji, kwa hiyo akasema, "Fanya unavyoona, mradi mimi nisiulizwe." Nikaona nipige.

Sikatai kwamba kila nilipopiga mlikuja. Tatizo ni anayekuja. Mnaniletea Sajenti yule yule, mzee wa kitambi, mwenye baiskeli ambayo kengele yake imefungwa kwa uzi. Watoto wamemwita Babu Pingu, ingawa pingu zenyewe hakuna aliyewahi kuziona zikitoka kiunoni. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya yafuatayo.

1. Mvulana mmoja wa darasa la tano ana kipaji kiovu cha kuiga mlio wa kengele ya shule kwa mdomo. Siku ya tukio alijificha nyuma ya stoo, akalia. Shule nzima ikatoka mapumzikoni katikati ya kipindi cha pili. Walimu nao wakatoka. Mwalimu Mkuu alikutwa uwanjani na kikombe mkononi. Kwa ufahamu wangu huu ni uchochezi wa umma, nikapiga simu. Sajenti alikuja, akamtaka mtuhumiwa arudie tendo hilo ili aone ushahidi. Mtuhumiwa akarudia. Shule ikatoka tena. Badala ya kutoa pingu, Sajenti alitikisa kichwa akasema, nanukuu: "Mwalimu, hata mimi ningetoka." Kisha akashauri kijana awe kengele ya akiba siku umeme ukikatika. Mwalimu Mkuu akakubali palepale. Sasa umeme ukikatika, mhalifu wangu hutoka darasani kwa ruhusa, kifua mbele, na hakuna anayethubutu kumgusa. Nakiri kwamba hajawahi kuchelewa hata siku moja. Lakini kuwahi si utetezi.

2. Kwenye kiti changu cha ofisini paliwekwa chingamu iliyotafunwa. Niliikalia. Sketi yenyewe nilikuwa naivaa kwa mara ya pili tu. Sajenti aliikwangua kwa ufunguo wa baiskeli, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema ina alama za meno. Nilifurahi sana, nikadhani sasa sayansi imeingia kazini. Akawapanga darasa la nne lote, akawaambia waachame, akapita akichungulia vinywa kama fundi anayekagua mabomba. Mwisho wa ukaguzi alikuwa amegundua meno mabovu ya watoto wawili na koo lililovimba la wa tatu, akaondoka nao kwenda zahanati, mmoja kapakiwa mbele, mmoja nyuma, wa tatu akiongoza njia. Mwenye chingamu hakupatikana. Mimi nilimwita akamate mhalifu mmoja, yeye akaondoka na wagonjwa watatu. Na mmoja wa hao watatu, nina hakika, ndiye aliyetafuna.

3. Msichana wa darasa la sita alikuwa akilala katika kipindi changu cha jiografia. Sisemi kusinzia, Ndugu Mkuu. Nasema kulala, kwa mkoromo, shavu juu ya ramani, hata mto mkubwa wa ukurasa ule ukapata maji ya kweli. Nilieleza kwenye simu kwamba kuna mgomo baridi. Sajenti aliingia kwa kunyata, akaketi dawati la jirani. Nikamwambia amwamshe amhoji. Akanong'ona kwamba sheria hairuhusu kumhoji mtu aliyelala. Nikamuuliza ni sheria ipi hiyo. Akaweka kidole mdomoni, akanionyesha mtoto kwa kidevu. Basi nikafundisha kipindi kizima kwa kunong'ona, na darasa likanisikiliza kuliko siku zote, jambo ambalo nalihusisha na hofu ya sare. Mtoto alipoamka, Sajenti alimuuliza swali moja tu: "Nyumbani, mdogo wako analala na nani?" Ikabainika kuwa mama yao huoka mikate zamu ya usiku, na binti ndiye anayembeleza mdogo wake anayeota meno. Sajenti akamwendea mama, akamwendea shangazi, mambo yakapangwa. Sasa binti yuko macho kipindi chote na ananiuliza maswali ambayo mengine sina majibu yake. Lalamiko langu ni hili: mimi niliripoti kosa la kulala. Sikuripoti meno ya mtoto mchanga. Askari asichunguze asichotumwa.

4. Hili naliandika kwa uchungu. Ukutani kwa vyoo ulikutwa mchoro wa mkaa. Ulionyesha mwanamke mwenye rula ndefu kama nguzo ya umeme, macho kama sahani, na mdomo ulioanzia shavuni ukaishia pembeni mwa ukuta. Jina halikuandikwa, lakini asubuhi hiyo kila aliyekutana nami alinisalimia akitazama chini. Mchoraji alijitokeza mwenyewe, kwa kuwa mwenzake alikuwa karibu kusingiziwa: binti mpole wa darasa la tano, wa kukaa dawati la mbele. Sajenti aliutazama mchoro muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu anayetaka kuununua. Kisha akamuuliza mtoto, "Masikio yake yako wapi? Ulisahau?" Mtoto akajibu, "Sikusahau, afande."

Hapo, Ndugu Mkuu, kesi ilikuwa imekamilika. Masikio ninayo, yote mawili, tena yana hereni. Kwa hiyo mtoto alitoa maelezo ya uongo mbele ya askari akiwa kazini. Nilimgeukia Sajenti nikingoja afungue daftari. Hakulifungua. Alinitazama mimi, akavua kofia, akaivaa tena. Halafu akaomba ndoo na brashi, akakunja mikono ya shati, wakasugua ukuta yeye na mtuhumiwa, bega kwa bega. Walikuwa wakicheka. Walicheka nini, sikusikia.

5. Matokeo ya ulegevu huu ni kwamba uhalifu umeongezeka. Watoto wanafanya makosa kusudi ili Babu Pingu aje. Juzi nilikuta foleni mlangoni kwangu, darasa la tatu, wamekuja kujisalimisha. Wa kwanza alisema amemwita mwenzake mbuzi. Nikamuuliza amemwita lini. Akasema, "Bado, mwalimu, lakini nitamwita." Walimu nao wameharibika. Mwalimu wa hesabu, ambaye kila Jumatatu huchelewa, alimvuta Sajenti kando akamwomba ushauri kuhusu mkewe. Mpishi wa shule alimletea uji kabla hajashuka kwenye baiskeli. Hata Mwalimu Mkuu, ambaye ofisini kwake mimi hubisha hodi mara tatu, alimfungulia mlango mwenyewe. Mtu mmoja anapopendwa hivyo akiwa amevaa sare, lazima kuna kazi ambayo haifanyi.

6. Alhamisi iliyopita, nikiwa naandika ubaoni, ndege ya karatasi ilinitua kwenye nywele. Nilieleza kituoni kwamba mtumishi wa umma ameshambuliwa kutoka nyuma kwa chombo cha kurushwa. Sajenti alichelewa. Alipofika alikuwa amelowa jasho, na mkono wa shati lake ulikuwa na damu. Alisema ametoka kumtoa mwendesha pikipiki chini ya lori. Nikampa pole, nikamkabidhi ndege. Akaigeuza mkononi, akaniambia mbele ya darasa, lakini kwa sauti ya chini: "Mwalimu wangu, dada yangu. Huyu ni mtoto na hii ni karatasi. Iko siku mtu ataniita roho ikimtoka, ataambiwa niko kwako nakagua karatasi." Kisha, kwa sababu ambazo hadi leo hazijafafanuliwa, akaikunja mabawa upya, akairusha. Ikapita dirishani, ikavuka uwanja, ikatua juu ya paa la choo cha walimu. Darasa likapiga makofi. Mimi nikahisi kitu kifuani ambacho sikukipenda, nikaamua kuandika barua hii.

Kutokana na hayo niliyoyaorodhesha, naomba kwa unyenyekevu haya.

Sajenti ahamishwe, apelekwe mahali pasipo na watoto, kama papo. Nafasi yake tupewe askari kijana, aliyenyooka, mwenye viatu vya kung'aa, asiyeuliza maswali. Aje na pingu za saizi ndogo, maana mikono ya wahalifu wangu ni myembamba. Aje kwa gari la king'ora; baiskeli haijawahi kumtisha mtu, na ya Sajenti watoto huiosha bure. Mahabusu ya muda ninayo tayari: ni stoo ya mipira, nimeipima, wanaingia wanane wakisimama, kumi na mmoja kama ni marafiki.

Pia naomba huduma hii ifike chekechea, ambako hali inatisha. Kule kuna kung'atana kila siku, yaani shambulio la kudhuru mwili, na wizi wa kalamu za rangi kwa kutumia nguvu. Wahusika wanaachiwa kwa kisingizio kwamba hawajui kueleza walichofanya. Mhalifu asiyejua kueleza ndiye wa hatari zaidi, maana hatakiri kamwe. Na tukiwa wakweli, kwa nini tungoje chekechea? Kliniki ya watoto wachanga iko hapo kona. Ningeshauri askari mmoja akae pale na daftari, na kila anayelia ilhali amekwisha kunyonya aandikwe mapema. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nasema akunjwe angali yai.

Nakuombea afya njema na ujasiri wa kumhamisha mtu anayependwa. Nisalimie wa kaunta, wa redio, dereva, mpishi, na yule mbwa wa doria anayelala kivulini. Wasalimie na mahabusu, uwaambie tunawaombea. Isipokuwa waliosoma shuleni kwetu, hao waambie nilisema.

Wako katika kutii sheria zote, pamoja na zile ambazo bado hazijatungwa,

MWALIMU WA NIDHAMU
(Muhuri umegongwa mara mbili kwa msisitizo.)

Nakala: Mwalimu Mkuu (hataisoma).

NYONGEZA

Utaniwia radhi kwa kuandika sehemu hii kwa penseli. Sababu yake iko chini kabisa.

Barua hii ilikuwa imekunjwa na bahasha imekwisha kulambwa; nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Nilikuwa nangoja mapumziko niivushe barabara mwenyewe. Kabla ya mapumziko nikamkuta mtoto wa darasa la pili ana chaki zangu mfukoni, nzima nzima, za rangi. Wenzake humwita Kifungo, kwa sababu shati lake halijawahi kuwa na vifungo vyote. Mkono ukaenda kwenye simu kwa mazoea. Mkanijibu kwamba Sajenti yuko likizo, ila kuna kijana mpya, anakuja sasa hivi.

Na kweli alikuja sasa hivi. Viatu viling'aa. Hakumuuliza mtoto jina, hakuniuliza ni chaki ngapi. Aliniambia, "Umefanya vizuri kupiga simu, mwalimu. Hawa ukiwalea ndio kesho wanakuwa majambazi." Hayo ni maneno yangu, Ndugu Mkuu. Nimeyasema kwenye vikao hadi wenzangu wanayamalizia wao. Lakini sikuwahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu aliyemshika mtoto kola.

Kifungo hakulia. Aligeuza shingo ndani ya ile kola, akaniuliza, "Mwalimu, nikizirudisha?" Kufumba na kufumbua, wakawa wameshatoka getini.

Nikawafuata. Barabara yetu unaijua, si pana, lakini saa ile ilikuwa na watu. Fundi viatu akainua kichwa. Mwenye duka la dawa akatoka mlangoni akauliza, "Mwizi?" Kijana wako akajibu, "Mwizi." Basi neno likatutangulia, kila aliyelipokea akampa mwenzake, na kila aliyepewa akasogea karibu. Nikamwona mwanamume mmoja, wala si mtu mbaya, huwa ananisalimia, akiinama kutafuta kitu cha kurusha. Ndipo nikasikia mwanamke anapiga kelele kama mwendawazimu: "Si mwizi! Ni wa darasa la pili! Si mwizi, ni wa darasa la pili!" Nilipofika kwa mtoto na kumzungushia mikono, ndipo nikajua kuwa mwanamke mwenyewe ni mimi. Kiatu changu cha kushoto kilibaki katikati ya barabara. Kama kuna aliyekileta kituoni, ni cheusi, kisigino kimeliwa upande mmoja.

Kwenye kaunta askari wenu aliuliza, "Jina?" Mtoto akasema, "Kifungo." Askari akasema bila kuinua macho, "Hicho baadaye. Jina kwanza." Hapo ndipo mtoto alipolia. Na alikuwa amekwisha kujikojolea, tangu barabarani.

Nikasema chaki nilimpa mimi. Askari akauliza, zote? Nikasema zote. Akauliza, sasa kwa nini ulipiga simu? Nikasema nilisahau kama nilimpa. Kutoa maelezo ya uongo kwa polisi ni kosa. Nalijua pengine kuliko hao wa kaunta, na nililitenda nikiwa na kiatu kimoja. Mkinihitaji, nipo ofisini.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, Sajenti asihamishwe. Likizo yake ikiisha, mpe yule kijana amfundishe kazi; ikishindikana, mlete huku nitamtafutia dawati. Ya kliniki yafute, na ya stoo pia, mipira imerudishwa. Ningeweza kuichana barua yote na kuandika nyingine, lakini nimeisoma tena kuanzia namba moja hadi namba sita, nikaona kwamba katika kazi yangu yote sijawahi kumsifu mtu kiasi hicho. Ni vizuri iingie kwenye faili lake.

Sasa habari ya penseli. Kifungo nilirudi naye tumeshikana mikono, kaniegemea njia nzima, kichwa kiunoni kwangu. Nikamnawisha, nikamtafutia kaptura ya michezo, nikamshonea na kifungo kimoja cha shati kwa uzi mweusi, nikampeleka darasani. Nilipoketi kuandika nyongeza hii, nikapeleka mkono mfukoni: kalamu hakuna. Ile yangu ya wino, yenye kifuniko cha kumetameta.

Sijapiga simu. Nitamuuliza kesho. Asiposema, nitamuuliza keshokutwa.